Nyumba Ambayo Achola Hakuifagia

Ukiwauliza watu wa hapa ni nani aliyefanya ile yadi ya makaa ya mawe ikafunikwa, wengine watakuambia ni serikali, wengine watasema ni mzee wa mtaa Ogola, na Ogola mwenyewe hatakataa. Mimi Aoko nasema ni Achola. Na mimi si mtu wa kumsifu Achola. Uliza yeyote aliyekaa karibu na mimi kanisani. Miaka arobaini na moja tumepakana, katikati ni ua wa ojuok tu, ile miti ya utomvu mweupe, na katika miaka hiyo yote nimemsema kwa mdomo wangu mwenyewe, tena mbele ya uso wake, kwamba nyumba yake ni chafu.

Tuliolewa na ndugu wawili. Mimi nilikuja kwa mkubwa, yeye kwa mdogo, basi kwa desturi yetu tunaitana nyieka, kama wake wa mume mmoja, ingawa kila mmoja alikuwa na mume wake. Mabwana wote wawili sasa wamelala. Tumebaki sisi, na kuku, na huo ua.

Achola hakuzaliwa mchafu. Hilo lazima niliseme, maana ni kweli. Alitoka Kombewa, nyumbani kwa watu wanaojulikana kwa usafi, na alipoletwa hapa boma lake lilikuwa linameremeta mpaka mama mkwe akaniambia mimi nijifunze kwake. Sikusahau neno hilo. Halafu akapata kazi mjini, kufagia soko la Kibuye.

Kibuye mnakujua Jumapili, watu wamejaa, nguo za mitumba zimelundikwa kama vichuguu. Achola alikujua Jumatatu asubuhi, watu wameondoka. Koti la buluu, ufagio mrefu wa vijiti, maganda ya ndizi, matumbo ya samaki, karatasi, nywele za wanawake waliosukwa. Aliokota viatu vya watoto, kimoja kimoja, akavipanga juu ya ukuta ili mama mwenye mtoto akirudi akione. Alifanya hivyo miaka ishirini na nane. Siku alipostaafu alirudi nyumbani na ule ufagio begani, akauvunja kwa goti mara tatu, akauweka chini ya sufuria akapika chai. Mimi nilikuwepo, nilikuwa nimekuja kuomba chumvi.

"Nyieka," aliniambia akinimiminia kikombe, "hii chai ni tamu kuliko zote nimewahi kunywa. Mimi na ufagio tumeachana. Sitafagia tena mpaka nifagiliwe mimi."

Nilidhani ni maneno ya mtu aliyechoka. Kumbe ni kiapo. Tangu siku hiyo Achola hakufagia. Kitu kikianguka chini anakisogeza kwa mguu. Kuku wakiingia ndani anawasalimu. Anaoga vizuri, nguo zake anafua, chakula chake ni safi, siwezi kumsingizia. Lakini nyumba! Juu ya kabati ungepanda mtama ukaota.

Sasa yadi. Ilikuja miaka mitatu iliyopita, pale chini ya barabara ya Busia ukishapita Otonglo, upande wetu wa ziwa. Malori yanaleta makaa ya mawe kutoka mbali, yanamwaga, halafu mashine inayasaga na kuyachekecha, halafu malori mengine yanayapeleka viwandani kwa matanuri yao. Makaa haya si yale ya jikoni. Ni mawe meusi, yanang'aa, na vumbi lake ni jembamba kama poda ya mtoto. Asubuhi upepo unatoka nchi kavu kwenda ziwani, hatuna neno. Ikifika saa nane upepo unageuka, unatoka ziwani, unapita juu ya lile lundo, unatuletea sisi.

Mimi naanika omena, wale dagaa wa ziwani. Hiyo ndiyo kazi yangu tangu nikiwa msichana. Natandaza nyavu chini, natandaza omena juu ya nyavu, jua linafanya kazi yake, na omena ya Aoko ilikuwa inajulikana kwa kung'aa kama sindano mpya. Yadi ilipokuja omena yangu ikaanza kuwa na rangi ya risasi. Mteja wangu wa Kibuye, mwanamke ninayemuuzia tangu mama yake, aliishika akainusa akaniuliza, "Mama, hii umekausha ama umechoma?" Nilirudi nayo nyumbani yote, gunia zima, nikiwa nimenyamaza. Watu wa hapa wakiniona nimenyamaza wanajua kuna jambo.

Nilikwenda kwa meneja wa yadi, kijana anaitwa Wechuli, mtu wa Bungoma. Ana heshima, hawezi kukupigia kelele, na hiyo ndiyo shida yake, maana mtu asiyekupigia kelele huwezi kugombana naye ukamaliza.

"Mama, karibu, keti," alisema. "Hiyo inaweza kuwa moshi ya jikoni."

"Mimi nimepika kwa kuni miaka sitini. Moshi ya jikoni naijua kama naijua sauti yangu."

"Basi ni vumbi ya barabara, Mama."

"Vumbi ya barabara ni nyekundu, Wechuli. Wewe kwenu hamna barabara?"

Alicheka, akanipa soda. Nilikunywa soda, nikaenda nikaandikisha barua kwa serikali. Wanawake kumi na mmoja tuliweka alama zetu. Wengine waliweka kidole. Mimi niliandika jina langu, herufi zote nne.

Miezi ikapita. Halafu jibu likaja, Ogola akalisoma. Yadi ilikuwa inaomba leseni mpya, ya miaka kumi, na inaomba kuongezewa ardhi mpaka kwenye kijito, mara tatu ya ilivyo sasa. Kabla ya leseni, mkaguzi wa mazingira atakuja Alhamisi. Akikuta vumbi linafika majumbani, yadi italazimishwa kujenga ukuta na kufunika lundo, na ile ardhi haitapata. Asipokuta, atatia sahihi siku hiyo hiyo. Miaka kumi. Nilihesabu umri wangu, nikajumlisha kumi, nikaona omena yangu haitang'aa tena nikiwa hai.

Kosa lilianzia kwa Ogola. Jumapili baada ya ibada alisimama akatangaza, "Akina mama, Alhamisi tuna mgeni kutoka serikalini. Ataingia nyumba kwa nyumba." Angesema mkaguzi, labda tungefikiri. Alisema mgeni. Na mwanamke wa hapa ukimwambia mgeni anaingia nyumbani, masikio yake yanafungwa na mikono inaanza kazi.

Jumanne na Jumatano hatukulala vizuri. Tulipaka sakafu upya kwa udongo na mavi ya ng'ombe. Wenye saruji walisugua saruji. Tulipanda ngazi tukaosha mabati, tukazibua mifereji ya maji, tukatoa vyombo vyote vya kabatini tukavipiga majivu mpaka ukaona meno yako ndani ya sufuria. Mimi vitambaa vyangu vya makochi, vile nilivyoshona mwenyewe vya maua ya zambarau, nilivifua, nikavichovya kwenye maji ya uji ili vikauke vikiwa vimesimama. Halafu nikachukua tambara nikaosha migomba. Ndiyo, jani kwa jani. Nilikuwa nataka huyo mgeni akirudi mjini aseme amefika kwa watu.

Kwa Achola, kimya. Alikuwa ameketi mlangoni anakula mihogo ya kuchemsha.

"Nyieka," nilimwita juu ya ua, "Alhamisi mgeni anakuja. Utatuaibisha."

"Mgeni anakuja kuangalia nini?"

"Vumbi!"

"Basi mimi niko tayari," akasema, akamega muhogo.

Niliona ananidharau. Nikachukua wasichana wawili wa kwaya, ufagio na ndoo, nikaingia boma lake kwa nguvu. Achola hakusimama. Alinyoosha mguu wake mmoja tu, akauweka kuziba mlango kutoka mwimo mpaka mwimo. Mguu huo umetembea Kibuye miaka ishirini na nane, si mguu wa kuruka hivi hivi.

"Anayetaka kufagia aniruke," alisema. "Na anayeniruka, mimi ni nyanya yake, ajue amefanya nini."

Wasichana waliona haya, maana kwetu mzee harukwi, wakarudi. Mimi nikatangaza kwamba Alhamisi mgeni hatapitishwa upande ule, na kila mwanamke akaitikia. Tukakubaliana tumfiche Achola kama watu wanavyoficha ndoo ya maji machafu wageni wakifika.

Kule yadi nao hawakukaa. Jumatano walizima mashine. Walimwagia lundo maji kwa bomba, walipaka mawe ya langoni chokaa nyeupe, hata mlinzi walimpa reflekta mpya. Na jioni hiyo Mungu naye akaleta mvua, mvua ya kuosha kila kitu ambacho sisi hatukufikia.

Alhamisi mkaguzi akaja. Anaitwa Bi Kageha, mwanamke mfupi, gambuti miguuni, kofia ngumu kichwani, kalamu mbili kwenye nywele chini ya kofia. Nilimpenda mara moja kwa sababu alisalimia wazee kwanza, kila mmoja kwa mkono. Alikwenda yadi akasimamisha mashine yake ya kupima vumbi, kitu kama redio juu ya miguu mitatu. Alingoja muda wa saa mbili, akasoma, akaandika. Hakuonyesha lolote usoni. Wechuli alikuwa nyuma yake amefunga mikono kama mtu kanisani.

Halafu wakaja kwangu. Nilikuwa nimepika chai ya maziwa, omena ya nyanya na ugali wa mtama. Bi Kageha alikula vizuri. Kisha akatoa karatasi nyeupe mfukoni, akaipitisha juu ya meza yangu. Akaiangalia. Akaipitisha juu ya dirisha, juu ya redio, nyuma ya redio. Karatasi ikabaki nyeupe kama ilivyotoka dukani.

"Mama Aoko," alisema, "nyumba yako ni safi kuliko ofisi yangu."

Nisikilizeni ujinga wangu. Nilifurahi! Niliinamisha kichwa kama bibi harusi, nikasema asante mwanangu, hii ni kawaida tu. Nikawaangalia wanawake wenzangu kuona kama wamesikia.

Ndipo Wechuli, kwa ile heshima yake, akasema taratibu, "Unaona, madam. Hakuna vumbi."

Nikainua kichwa.

Tukaenda nyumba ya pili, safi. Ya tatu, safi. Ya nne mwenye nyumba alikuwa amepaka hata mawe matatu ya jikoni. Bi Kageha alikuwa anapitisha karatasi, anaandika, anapitisha, anaandika. Kwenye migomba yangu alisimama akashika jani, akaligeuza chini na juu.

"Hii migomba imeoshwa?" aliuliza.

Wote waliniangalia mimi.

"Ni mvua," nikasema.

"Mvua inaosha na chini ya jani?"

Bi Kageha aliketi juu ya gogo, akavua kofia, akasema maneno ambayo mpaka leo nayasikia. "Mama zangu, mimi naamini mnachosema. Lakini siwezi kuandika kitu nisichokiona. Mashine yangu imesoma kidogo sana leo, na nyumba zenu zinang'aa. Saa kumi ofisi inataka karatasi hii. Mngeniachia hata dirisha moja."

Wanawake walianza kulaumiana kwa Dholuo, huyu anasema ni wewe ulianza kuosha mabati, yule anasema ni Ogola na mgeni wake. Ogola akagundua ana simu ya kupiga, akaenda mbali. Na mimi nilikuwa nimesimama hapo, nikiangalia ua wa ojuok. Nilijua. Wote walijua. Lakini hakuna aliyeweza kutamka, maana ni mimi niliyewafungia ile njia. Miaka yote hiyo nimesimama kanisani nikatoa mfano wa mwanamke mvivu, na ingawa sikutaja jina, watu waligeuza shingo upande mmoja.

Bi Kageha akavaa kofia yake. Wechuli akamfungulia mlango wa gari.

"Ngoja," nikasema. "Kuna nyumba moja imebaki."

Achola alikuwa palepale mlangoni, na mguu wake palepale. Nadhani alikuwa ametusikia tangu mwanzo, ua si ukuta.

"Hodi, nyieka," nikasema.

"Ni nani huyo? Aoko? Mimi nilisikia mgeni hapitishwi huku."

"Wacha maneno. Huyu ni mkaguzi. Anataka kuingia."

"Karibu sana mgeni. Lakini kwanza huyu dada yangu aseme amekuleta kwa nini."

"Kwa sababu nyumba yako ni chafu!"

Wanawake wakacheka. Achola hakuondoa mguu.

"Hilo umesema miaka mingi, hata kuku wangu wanalijua. Sema lile lingine."

Nyinyi hamnijui. Mimi niligombana na padri juu ya kengele, nikashinda. Nilikataa kuhama barabara ilipopanuliwa, wakapindisha mfereji wakanizunguka. Kitu cha kunifanya niseme neno kama hilo mbele ya watu hakikuwa kimezaliwa. Nikaangalia saa ya Bi Kageha. Nikaiona omena yangu, rangi ya risasi, miaka kumi.

"Kwa sababu wewe ulikuwa na akili," nikasema, "na mimi nilikuwa naosha migomba."

Achola akakunja mguu. "Pita mwanangu," akamwambia Bi Kageha, "uangalie unapokanyaga, kuna kuku anaatamia."

Ndani kulikuwa kama nilivyowaambia. Bi Kageha aliwasha tochi, akasimama katikati ya chumba, na nikaona uso wake unabadilika kama wa mtoto aliyeonyeshwa keki. Hakutumia karatasi. Alipanda juu ya kiti, akamulika juu ya kabati, akasema, "Yawa!" Na yeye si Mjaluo.

Juu ya kabati kulikuwa na kitu cha mraba, kimefunikwa vumbi jeusi, unene wa kucha ya kidole gumba. Achola alikuja akasimama chini ya kiti, mikono kiunoni, akaanza kueleza kama mwalimu.

"Hiyo nyeusi ya juu ni yao. Iguse. Unaona inateleza? Haishiki kidole kama udongo. Na ukiigeuza kwenye tochi inametameta. Mimi nimefagia Kibuye miaka ishirini na nane, hakuna vumbi usilolipata Kibuye, ya unga, ya simiti, ya makaa ya jikoni, ya nguo za Ulaya. Hiyo sikuwahi kuiona pale hata siku moja. Sasa inua hicho kitabu."

Bi Kageha akakiinua kwa ncha za vidole. Chini yake, mraba mzima, vumbi lilikuwa jekundu. Jekundu tupu, la barabara, hakuna jeusi hata chembe. Akapuliza kidogo kile alichoinua, akakifuta kwa brashi, na picha ikatokea. Ilikuwa ni bwana yangu Odongo, amevaa ile tai yake ya mistari. Kilikuwa ni kijitabu cha mazishi yake, na chini ya picha imeandikwa siku tuliyomzika.

"Nilikiweka hapo tulipotoka kaburini," Achola akasema, na sasa hakuwa anamwambia Bi Kageha, alikuwa ananiambia mimi. "Sikutaka kukitia sandukuni. Nilitaka awe anatuona tukinywa chai."

Mimi nilikuwa na vijitabu hivyo ishirini. Vyote nilivifunga kwenye karatasi ya nailoni, nikavitia chini ya kitanda visichafuke.

"Amekuwa mweusi kidogo," nikasema, maana lazima niseme kitu.

"Alikuwa mweusi hata zamani, nyieka, ni wewe ulikuwa hutaki kusema."

Tukacheka, mimi nikiwa nafuta macho kwa kitambaa cha kichwa. Bi Kageha alingoja tumalize, halafu akamwuliza Wechuli, "Lori la kwanza liliingia lini?"

Wechuli akaangalia tarehe kwenye kijitabu. "Wiki moja baadaye," akasema. Kisha akajaribu, na simlaumu, kazi ni kazi: "Lakini madam, hii nyumba haijafagiwa miaka mingi. Huu ni uchafu tu."

"Ndiyo sababu naipenda," akasema Bi Kageha.

Alipiga picha. Aliweka vumbi jeusi kwenye mfuko mdogo, jekundu kwenye mwingine, akaandika juu. Ile karatasi ya saa kumi aliikunja akaitia mfukoni bila sahihi. Vumbi litaenda kupimwa, akasema, na kuanzia leo mashine izimwe na lundo lifunikwe turubai; vumbi likipatikana ni la makaa ya mawe, yadi ina miezi mitatu: ukuta, paa juu ya lundo, mashine ifungiwe ndani. Kisha akafanya jambo ambalo sikulielewa mara ya kwanza. Alichukua kitambaa chenye maji, akasafisha juu ya kabati kipande cha ukubwa wa sahani, safi kabisa, akakizungushia mstari wa chaki.

"Nitarudi kuangalia hapa," alisema. "Hii sahani ndiyo itaniambia kama wamefanya kazi ama wamepaka chokaa. Kwa hiyo mpaka nirudi, hii nyumba isiguswe. Hakuna ufagio, hakuna tambara. Nani atailinda?"

Achola hata hakufikiri. Alininyooshea kidole.

Basi ndugu zangu, miezi mitatu mimi Aoko nililinda uchafu. Nilikuwa nikimaliza kutandaza omena navuka ua, naketi kwa Achola mpaka jua linapungua, nikiwafukuza wanawake waliokuja na mifagio, maana sasa kila mtu alitaka kusaidia. Mkono wangu ulikuwa unawasha. Siku moja niliingia na tambara nimelificha kwapani, nikasema moyoni nitafuta tu mguu wa meza, hakuna atakayejua.

"Aoko," Achola aliniita kutoka nje, wala hajaniona, "toa hiyo kwapani."

Ni katika siku hizo alinisimulia Kibuye yake, vile viatu vya ukutani, na mama mmoja aliyerudi baada ya wiki mbili akakuta kiatu cha mwanawe, akamkumbatia mbele ya soko lote bila kuuliza jina. Miaka arobaini na moja sikuwahi kumwuliza. Nilikuwa nahesabu kuku wanaoingia ndani.

Majibu ya vumbi yalikuja. Lilikuwa la makaa ya mawe. Malori yaliyoleta makaa yakaanza kuleta mabati na mawe ya kujengea. Wechuli alisimamia mwenyewe, na siku moja alipita kwangu akaniambia, kama mtu anayetoa siri, kwamba tangu mashine ifungiwe ndani na vijana wapewe vya kuziba pua, kikohozi chake mwenyewe kimeisha. Nikamwambia ilikuwa moshi ya jikoni. Alicheka mpaka akaketi.

Bi Kageha alirudi miezi mitatu ilipoisha. Safari hii hakutangaziwa mtu, lakini hata angetangazwa nyumba ya Achola isingebadilika. Alipanda kiti, akamulika ile sahani yake. Nilikuwa nimeshika ukingo wa meza. Alipitisha karatasi nyeupe, akatuletea tuone. Kulikuwa na vumbi kidogo, jekundu, la barabara. Nyeusi haikuwepo. Yadi ilipata leseni ya mahali pale pale ilipo, chini ya paa. Ya mpaka kijitoni haikupata. Na omena yangu, njooni mjionee, wiki iliyopita yule mteja wa Kibuye aliishika juani ikamchoma macho.

Bi Kageha alipokuwa anavaa gambuti zake nilimwuliza, "Sasa naruhusiwa?"

"Sasa unaruhusiwa, Mama."

Nilikuwa nimeuficha ufagio nyuma ya ojuok tangu asubuhi. Nikamwangalia Achola, maana mlango ni wake. Alivuta kiti chake akakiingiza ndani, akaketi katikati ya chumba, akainua miguu yote miwili juu ya stuli.

"Nilisema nitafagiliwa mimi," akasema. "Anza."

Nilifagia kutoka chai ya asubuhi mpaka chakula cha mchana. Nilikuta chungio langu nililomwazima miaka kumi na miwili iliyopita, yeye akaapa nililisahau kwenye harusi. Nilikuta mayai sita. Kijitabu cha Odongo nilikifuta vizuri, nikakitazama, nikakirudisha palepale juu ya kabati awe anatuona. Jasho lilikuwa linanitoka, mgongo unalia, na nilikuwa nimefika mlangoni, najinyoosha, nataka watu wote wa upande huu waone nilichofanya.

"Nyieka," Achola akasema nyuma yangu, "pale pembeni umeacha."

Nikarudi pembeni.